UZI: Ngoma ya Hungaria Na. 5 si ya Brahms. Aliyeitunga alikuwa kiongozi wa bendi ya jeshi, jina lake Kéler Béla

#1 Klarineti ya Tatu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo nauweka hapa. Utakuwa mrefu, kwa hiyo nitaugawa. Mwenye swali aulize tu katikati, haniudhi.

Mimi napuliza klarineti kwenye bendi ya matarumbeta, sauti ya tatu, mwaka wa kumi na moja sasa. Harusi, mahafali, maandamano ya kanisa, misiba ya watu wazito. Kwenye jalada letu la noti kuna karatasi moja iliyochoka kuliko zote. Ni nakala ya nakala, mistari ya chini imefutika na mtu aliyenitangulia kwenye kiti akaijazia kwa penseli, na pembeni kuna alama ya kikombe cha chai. Juu katikati imeandikwa "Ngoma ya Hungaria Na. 5". Juu kulia: "J. Brahms".

Hata kama husomi noti, wimbo huu unaujua. Wanakwaya, imbeni hivi: mi (ndefu), la (fupi), do (ndefu), la (fupi), se (ndefu), kisha la-ti kwa haraka, tua kwenye la. Umeusikia kwenye matangazo, kwenye katuni, kwenye simu ya mtu daladalani. Aliyeona ile filamu ya Chaplin ya mwaka 1940, pale kinyozi anapomnyoa mteja huku wembe ukifuata muziki wa redio, wimbo ni huo huo.

Miaka yote hiyo nimeupuliza nikiamini ni wa Johannes Brahms, yule mtunzi wa Kijerumani. Halafu siku moja nikaona mtandaoni picha ya jalada la toleo la kwanza, la mchapishaji Simrock wa Berlin, mwaka 1869. Brahms hakuandika kwamba ametunga. Neno lililopo ni la Kijerumani, "gesetzt". Nikamuuliza rafiki yangu aliyesoma Ujerumani. Akaniambia hapo maana yake ni kupangwa: mtu amechukua wimbo uliokuwepo akaupanga kwa ajili ya piano, watu wawili kwenye kinanda kimoja, mikono minne.

Sasa kama Brahms aliupanga, nani aliutunga?

Jibu ni Kéler Béla. Wimbo wenyewe aliuita "Bártfai emlék", yaani Kumbukumbu ya Bártfa, namba 31 katika orodha ya kazi zake, mwaka 1858. Na mwaka huo alikuwa anakula mkate wake kama kiongozi wa bendi ya kikosi cha askari wa miguu. Mtu wa matarumbeta, kama sisi.

Naendelea chini.

#2 Dada wa Alto

Nimeimba hiyo mi-la-do-la nikiwa jikoni na mtoto ameacha kula ananitazama. Kweli ni hiyo! Endelea kaka, tupo.

#3 Klarineti ya Tatu

Asante dada. Twende mwanzo.

Kéler alizaliwa tarehe 13 Februari 1820 katika mji wa Bártfa, kaskazini kabisa mwa Ufalme wa Hungaria wa wakati ule, milimani, karibu na Poland. Leo mji huo unaitwa Bardejov na uko Slovakia. Kwa Kijerumani ni Bartfeld. Mji mmoja majina matatu, na hilo litarudi baadaye kwa sababu watu wanagombania mtu huyu alikuwa wa nani.

Hakuanza na muziki kama kazi. Alijaribu sheria, akajaribu kilimo, vyote vikamshinda. Mwaka 1845, akiwa na miaka 25, akafanya kile ambacho kijana wa mkoani hufanya: akaenda mji mkuu. Vienna. Akapata kiti cha kupiga fidla kwenye orkesta ya Theater an der Wien.

Hapo nataka mtulie kidogo. Jumba hilo ndilo ambalo opera ya pekee ya Beethoven ilichezwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1805. Na mwaka huo huo wa 1845 aliingia hapo Franz von Suppé kama mmoja wa viongozi wa orkesta. Wapulizaji wenzangu, Suppé mnamjua: "Mshairi na Mkulima", ile ovacha (muziki wa kufungulia mchezo wa jukwaani) ambayo kila bendi inayojiheshimu duniani inayo kwenye jalada. Ilitoka hapo hapo mwaka 1846. Kwa hiyo kijana wa Bártfa alikuwa ameketi na fidla yake ndani ya kiwanda chenyewe cha muziki mwepesi, akiona kila usiku ni kitu gani kinawainua watu vitini na ni kitu gani kinawafanya wapige miayo.

Mchana akasoma. Mwalimu wake mmoja alikuwa Simon Sechter, mzee wa kanuni za upatanifu wa sauti. Huyu ndiye mtunzi Schubert alimwendea kuchukua somo mwezi wa kumi na moja mwaka 1828, siku chache kabla ya kufa, na ndiye baadaye aliyemfundisha mtunzi mwingine, Bruckner. Sechter hakuwa mtu wa mchezo. Mtu akitoka mikononi mwake anajua kila sauti inaelekea wapi na kwa nini. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakisikia "kiongozi wa bendi ya jeshi" wanafikiri ni mtu wa kupiga filimbi na kupaza sauti "mbele tembea". Hapana. Huyu alikuwa msomi wa kazi yake.

#4 Fidla Kavu

Mkuu nakufuatilia, ila nina wasiwasi na kichwa cha uzi. "Si ya Brahms" ni maneno makali. Brahms hakuiba. Wewe mwenyewe umesema aliandika kwamba amepanga tu. Hata namba ya kazi hakuzipa hizo ngoma, na yeye alikuwa mtu makini mno na namba zake. Usimfanye mwizi.

#5 Klarineti ya Tatu

Fidla Kavu, nakubaliana nawe, na sitamwita mwizi popote kwenye uzi huu. Brahms alimwandikia mchapishaji wake kwamba ngoma hizo ni watoto halisi wa nyika za Hungaria, kwamba yeye hakuwazaa, amewalea tu kwa maziwa na mkate. Mtu anayeiba hasemi hivyo.

Shida yake ilikuwa nyingine. Aliamini watoto hao hawana baba anayejulikana, kwamba ni nyimbo za watu, za asili. Kumbe wengi wao walikuwa na baba, na baba mmoja alikuwa hai, ana miaka 49, yuko Wiesbaden anaongoza muziki, na jina lake lilikuwa limechapwa kwenye noti zake mwenyewe tangu miaka ya nyuma.

Kichwa cha uzi nakiacha. Kama nimempanga mtoto wako nywele, bado ni mtoto wako.

#6 Mwana Muheza

Ngoja kwanza. Brahms Mjerumani, tena wa Hamburg. Aliusikia wapi wimbo wa kiongozi wa bendi wa Kihungaria?

#7 Klarineti ya Tatu

Swali zuri, na jibu la kawaida linalotolewa lina tatizo la tarehe.

Watu husema Brahms alijifunza ngoma hizi kwa Ede Reményi, mpiga fidla wa Kihungaria aliyekimbia nchi baada ya mapinduzi ya 1848 na 1849 kuzimwa. Ni kweli walizunguka pamoja mwaka 1853, Brahms akiwa na miaka 20, mmoja fidla, mwingine piano. Hapo ndipo aliponogewa na muziki wa Kihungaria. Lakini "Kumbukumbu ya Bártfa" ni ya 1858. Haiwezekani kuwa aliipata kwenye safari ile.

Ila Brahms alihamia Vienna mwanzoni mwa miaka ya 1860, na Vienna ilijaa bendi za Waroma (si watu wa mji wa Roma, ni wale ambao wengine huwaita Majipsi), mafundi wa fidla na simbalomu, ala ya nyuzi zinazogongwa kwa vijiti, ambao walikuwa wakiuchukua wimbo wowote mpya, wakaupamba, wakaupiga kwenye migahawa na bustani hadi ukasahau ulikotoka. Brahms alipenda kuketi kuwasikiliza. Wimbo ukishapita kwenye mikono hiyo kwa miaka mitatu minne, hauna tena karatasi, hauna jina. Unakuwa "wa watu".

Sisi tunalijua hilo. Ni nyimbo ngapi za harusi tunazopuliza kila Jumamosi na hakuna kati yetu anayejua aliyezitunga? Nimeanza kuuliza tangu nijue habari hii. Zingine wenyewe bado wako hai.

#8 Dada wa Alto

Hapo kwenye nyimbo za harusi umenigusa. Basi tuambie, alitoka vipi kwenye fidla za ukumbini hadi kwenye bendi ya jeshi?

#9 Klarineti ya Tatu

Kwa milango kufunguka na kufungwa haraka haraka.

Tarehe 7 Mei 1854 alianza Berlin, akishika orkesta ya Gungl, jina kubwa la muziki wa dansi wakati ule. Akaongoza huku akipiga fidla mwenyewe, kama walivyokuwa wakifanya akina Strauss na Lanner: unasimama mbele ya wenzako, fidla shingoni, upinde ndio fimbo yako. Hakukaa sana. Mwaka 1855 August Lanner alikufa Vienna. Huyu alikuwa mtoto wa Joseph Lanner, mmoja wa waasisi wa waltz, na alikuwa na miaka 20 tu. Orkesta ya familia ikabaki bila mtu. Kéler akarudi Vienna kuichukua. Nayo hakukaa nayo.

Mwaka 1856 akavaa sare. Akawa kiongozi wa bendi ya kikosi cha 10 cha askari wa miguu cha jeshi la Austria, kikosi kilichobeba jina la Hesabu Mazzuchelli. ("Hesabu" hapa ni cheo cha ukabaila, msinicheke, sijapata neno zuri zaidi.)

Kwa nini mtu aache orkesta ya Lanner yenye jina aende kwenye bendi ya kikosi? Ukilitazama jambo hili kwa macho ya leo unaona ameshuka. Kwa macho ya wakati ule, sidhani.

Orkesta ya dansi ilikuwa biashara. Mvua ikinyesha kwenye bustani, hakuna kiingilio, hakuna mshahara. Bendi ya jeshi ilikuwa na watu wanaolishwa kila siku, wana ala, wana mahali pa mazoezi, na hawawezi kukuacha njiani kwenda kupiga kwingine kwa sababu wamelipwa zaidi. Kila kiongozi wa bendi anayesoma hapa anajua thamani ya hilo la mwisho! Miaka hiyo pia jeshi la Austria lilikuwa limeweka bendi zake kwenye utaratibu mmoja chini ya Andreas Leonhardt, aliyeteuliwa mwaka 1851 kusimamia muziki wa jeshi zima.

Na ala zenyewe zilikuwa mpya. Vali za tarumbeta, vile vitufe vya kubonyeza, zilipewa hataza mwaka 1818 huko Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule. Kabla ya hapo tarumbeta ilikuwa inatoa sauti chache tu, zile za kuita askari. Baada ya vali, tarumbeta inaweza kupiga wimbo wowote, kwenye ufunguo wowote. Fikiria Kéler alivyokuta: mtu wa fidla, mwanafunzi wa Sechter, anapewa kundi la watu wenye midomo mizima na shaba mpya inayoweza kusema kila kitu.

Lakini tusipambe. Kiongozi wa bendi hakuwa ofisa. Aliajiriwa kwa mkataba, na maofisa wa kikosi walikuwa wakichangia gharama za bendi, kwa hiyo ndio waliokuwa na neno. Asubuhi gwaride, mchana bendi inapiga kwenye uwanja wa mji bure kwa raia, usiku dansi ya maofisa. Watu wengi wa miji midogo ya himaya ile hawakuwahi kuingia jumba la opera hata siku moja. Opera waliisikia kutoka kwenye bendi ya kikosi, Jumapili, wamesimama na watoto wao mabegani.

#10 Fidla Kavu

Hapo kwenye bendi ya kikosi kuwa ndiyo redio ya wakati ule, umenena. Ila mkuu, "Hesabu"! Sema tu mkabaila mmoja.

#11 Klarineti ya Tatu

Nimepokea. Mkabaila Mazzuchelli.

#12 Mwana Muheza

Na hiyo ngoma yenyewe ni ngoma ya namna gani? Naona mtandaoni wanaiita csárdás. Inachezwaje?

#13 Klarineti ya Tatu

Tamka "chaardaash". Jina limetoka kwenye csárda, nyumba ya wageni ya njiani, ya kunywa na kulala. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni lassú, ya polepole, mwanamume anacheza kwa majivuno, kifua mbele, visigino vinagongana. Ya pili ni friss, ya mbio, na inazidi mbio hadi pumzi zikatike.

Mizizi yake iko kwenye verbunkos, na hapo ndipo jeshi linaporudi. Verbunkos ilikuwa ngoma ya kuandikisha askari. Kundi la wanajeshi linaingia kijijini na wapigaji, wanacheza, wanakunywa, vijana wanavutiwa, wakishalewa na raha wanatia saini. Kwa hiyo ule mgongano wa visigino ndani ya muziki wa Kihungaria una viatu vya jeshi ndani yake tangu zamani.

Ukipuliza Na. 5 unaihisi hii mwilini. Kwa klarineti ya si-bemoli (B-flat) tunaipiga kwenye la-ndogo (A minor), kwa hiyo vidole havina shida. Shida ni pumzi na subira. Ile "mi" ya mwanzo unaishikilia kidogo kuliko ilivyoandikwa, kama mtu anayevuta mguu, halafu "la" inaanguka fupi. Ukizipiga sawasawa kama zilivyo kwenye karatasi, wimbo unakufa. Mwalimu wetu wa bendi alikuwa anatusimamisha hapo hapo kwenye baa ya kwanza, anatembea mbele yetu akiburuza kiatu kwenye sakafu ya saruji, kraa, tap, kraa, tap, kisha anasema, "Hivyo. Pigeni kiatu." Miaka mingi sikumwelewa. Nilipoyasoma haya ya verbunkos nilimpigia simu usiku.

#14 Mto Rhein

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi niko Mainz, ng'ambo tu ya mto na Wiesbaden, mwaka wa tisa huku. Naona uzi unakwenda Wiesbaden, nikasema nichangie.

Ukienda pale Kurhaus, jumba la starehe la wageni wa maji ya moto, leo utaona jumba kubwa la nguzo na kuba, lakini hilo si alilolijua Kéler. Hilo lilifunguliwa 1907. La zamani, la 1810, lilibomolewa. Yaliyobaki ya wakati wake ni zile baraza mbili ndefu za nguzo zinazotazamana pande mbili za uwanja wa nyasi. Na maji ya moto yapo, yanatoka ardhini yakifuka mvuke mjini kati, yana chumvi na harufu ya chuma. Watu walikuwa wanakuja kutoka Urusi, Uingereza, kila mahali, kunywa hayo maji asubuhi huku bendi ikipiga. Na usiku walikuwa wanacheza kamari. Dostoevsky, yule mwandishi wa Urusi, alipoteza fedha zake hapo mwaka 1865.

#15 Klarineti ya Tatu

Mto Rhein, Mungu akubariki, umenirahisishia kazi. Maana mwaka huo wa 1865 Kéler alikuwepo.

Alifika Wiesbaden 1863. Wakati huo ulikuwa mji mkuu wa nchi ndogo iliyojitegemea, Nassau, yenye mtawala wake na jeshi lake. Kéler akapewa bendi ya kikosi cha pili cha askari wa miguu cha Nassau. Jeshi dogo, mji tajiri, wageni wenye fedha wanaotaka muziki asubuhi na jioni. Kwa mtunzi wa ovacha na waltz, hakuna mahali bora.

Mwaka 1866 ikaja vita kati ya Austria na Prussia. Nassau ikachagua upande wa Austria. Austria ikashindwa kwa wiki chache, na Prussia ikaimeza Nassau nzima. Nchi ikafutika. Jeshi likavunjwa. Bendi ya Kéler ikaondoka na jeshi lake. (Mtawala Adolph yeye alikuja kupata bahati: mwaka 1890 akawa Mtawala Mkuu wa Luxembourg. Kiongozi wa bendi harithi nchi nyingine.)

Lakini Kéler hakuondoka Wiesbaden. Akabaki mjini na baadaye akaongoza orkesta ya bustani za maji. Mwaka 1870, alipotimiza miaka 25 ya kazi, Kaisari wa Austria alimtunuku medali ya dhahabu ya sanaa na elimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 afya ikamfanya aache orkesta. Kamari nayo ilipigwa marufuku kote Ujerumani mwisho wa 1872, na mji ule ukaanza maisha mengine. Alipopata nguvu alikuwa akialikwa miji ya nje kuongoza kazi zake.

Kazi zenyewe zinapita 130. Maandamano, galopi, waltz, ovacha. Ya Mto Rhein wa mji wenu ipo, waltz namba 83, "Am schönen Rhein gedenk' ich dein", kwenye Rhein mzuri nakukumbuka wewe. Na ovacha yake namba 73, "Lustspiel", ovacha ya komedi, bendi za ala za kupuliza zinaipiga hadi leo Ulaya na Marekani. Itafuteni. Mwanzo wake ni kama mtu amefungua mlango kwa teke, halafu klarineti zinakimbia, na sisi wa sauti ya tatu kwa mara moja tuna kazi ya maana, hatushikilii tu sauti ndefu za kujazia. Aliyeandika hivyo aliwahi kuketi katikati ya bendi akasikia kila kiti kinafanya nini.

#16 Wakili wa Mtaani

Niulize la kisheria. Kama alikuwa hai na wimbo ulikuwa umechapwa kwa jina lake, kwa nini hakushtaki? Ngoma hizo si zilimpa Simrock utajiri?

#17 Klarineti ya Tatu

Ziliuzwa sana, ndiyo. Kila nyumba yenye piano Ulaya ilizitaka.

Wewe ndiye wakili, lakini nitasema ninavyoelewa. Wimbo ulitoka katika himaya ya Austria, mpangilio ukachapwa Berlin. Mkataba wa kimataifa wa kulinda kazi za sanaa, ule wa Bern, ulikuja 1886. Sheria ya kwanza ya hakimiliki ya Hungaria yenyewe ni ya 1884. Kéler alikufa tarehe 20 Novemba 1882. Vyote viwili vilimkuta kaburini.

Na kulikuwa na jambo la jina. Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, kisha jina la mtu. Kéler ndilo la ukoo, Béla ndilo lake. Yeye alikuwa akilitia hivyo hivyo kwenye noti zake, Kihungaria. Wachapishaji wa nje wakachanganyikiwa. Ukitafuta kwenye orodha za zamani unamkuta kama Kéler-Béla kwa kistari, mahali pengine yuko kwenye B, mahali pengine kwenye K. Mtu ambaye hata orodha hazijui zimweke herufi gani, ni rahisi wimbo wake kuitwa wa asili.

#18 Mzee wa Beni

Vijana, nimewasoma wote. Mimi baba yangu alicheza beni, ile ngoma ya kuiga bendi, na wazee wa pwani mnajua vyama vyake, Kingi na Skochi Mombasa, Marini na Arinoti kwetu huku. Wale nao walisikia bendi za jeshi la mkoloni, wakachukua gwaride wakalifanya dansi. Watunzi wao hakuna aliyewaandika. Nawaomba uzi mwingine kwa ajili yao, huu tumwachie mwenyewe.

#19 Klarineti ya Tatu

Shikamoo mzee. Uzi huo uanzishe wewe, tafadhali. Sisi tutakuja na madaftari.

#20 Fidla Kavu

Mimi nimeenda kusikiliza "Bártfai emlék" yenyewe baada ya mabishano yetu. Nakiri. Sehemu ya kwanza ni ile ile, sauti kwa sauti. Brahms ameikaza, ameitia uzito chini, na ule usimamaji wa ghafla na kuanza tena kwa mbio ni fundi anafanya kazi. Lakini wimbo ni wa Kéler. Naomba swali moja: hii tunayoisikia ya orkesta, nayo ni ya Brahms?

#21 Klarineti ya Tatu

Asante kwa kusikiliza, ndugu yangu. Wengi hubisha tu.

Hapana, na hapa ndipo nilipopiga meza. Kati ya ngoma 21, Brahms mwenyewe alizipangia orkesta tatu tu: ya 1, ya 3 na ya 10. Na. 5 ilipangiwa orkesta na watu wengine. Mmoja wao ni Albert Parlow. Kazi yake? Kiongozi wa bendi ya jeshi la Prussia. Kwa hiyo wimbo ulitoka kwa kiongozi wa bendi, ukapita mezani kwa Brahms, ukarudi kwa kiongozi mwingine wa bendi ndipo ukavishwa nguo nyingi za orkesta ambazo dunia inaujua nazo.

Na kuna jambo jingine ambalo sijalisema. Kéler alifia Wiesbaden, Novemba 1882. Kiangazi kilichofuata, 1883, Brahms alikwenda kukaa Wiesbaden. Alipanga nyumba hapo miezi kadhaa na hapo ndipo alipoandika Simfoni yake ya Tatu. Mji ule ule. Angewahi mwaka mmoja tu, wangeweza kupishana chini ya zile baraza za nguzo alizozisema Mto Rhein, mmoja ana ndevu na sigara, mwingine mzee mgonjwa aliyewahi kuongoza muziki hapo, na bendi ya bustani pengine inapiga Na. 5.

#22 Mto Rhein

Nimesoma hiyo ya 1883 nikiwa kwenye treni. Jumamosi nitashuka Wiesbaden nizitembee hizo baraza taratibu.

#23 Mwana Muheza

La mwisho kwangu. Ni Mhungaria kweli? Mji uko Slovakia, mji wenyewe ulikuwa na Wajerumani wengi, kazi kafanya Austria na Ujerumani.

#24 Klarineti ya Tatu

Waslovakia wanamheshimu kama mwana wa Bardejov, na wana haki: urithi wake wa noti unahifadhiwa huko huko, kwenye makumbusho ya mji, na mji wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Wajerumani wana miaka yake karibu ishirini ya Wiesbaden. Lakini mimi natazama alivyojiita. Angeweza kuandika Albert von Keler kwenye jalada la kila waltz, ni jina lake halali, na huko alikokuwa lingemfungulia milango. Akaandika Kéler Béla. Na wimbo alioutunga akiwa ndani ya sare ya Austria aliuita Kumbukumbu ya Bártfa. Mimi hilo linanitosha.

#25 Dada wa Alto

Kaka, mnapiga lini tena? Na hiyo karatasi yenye alama ya chai mtaiacha na jina la Brahms?

#26 Klarineti ya Tatu

Tunapiga mwisho wa mwezi, mahafali. Karatasi nimeinakili upya kwa mkono, kurasa zote, za sauti zote tatu za klarineti. Juu kulia nimeandika mistari miwili: "Kéler Béla, 1858. Mpangilio: J. Brahms." Mwalimu ameiangalia, akachukua penseli, akaongeza chini yake "na A. Parlow".

Msema chochote wetu ananisumbua jinsi ya kulitamka. Nimemwandikia hivi, na kwa yeyote atakayelihitaji: Kéler, vuta "e" ya kwanza, Keeler. Béla, vuta tena, Beela, na "a" ya mwisho iwe nzito, midomo ikielekea "o". Bártfa, Baartfa, na "a" ya mwisho vivyo hivyo. Jina la ukoo linatangulia. Asiligeuze.